Bushi Ulizozificha Nyuma ya Plau

Bariadi,
Jumamosi, mchana

Mabula, baba yangu,

Najua utauliza kwa nini mama anakuandikia barua ilhali analala chumba cha pili. Ni kwa sababu mdomo wangu naujua. Nikianza kusema nitafoka, nikimaliza kufoka nitalia, nikilia utanitania, tutacheka, tutakula, na jambo lenyewe litabaki pale pale lilipokuwa. Tumefanya hivyo tangu mvua zilipoanza. Sasa hebu itanie karatasi tuone.

Jambo ni hili. Kesho asubuhi kuna basi, na wewe unatakiwa uwe ndani yake uende Arusha. Yule mwenye gereji ya magari ya watalii amekungoja tangu siku ile ulipomtoa mtaroni kule Lamadi kwa bushi, ule mpira wa springi, uliyoichonga kutoka kwenye kipande cha tairi. Mara mbili amekuita: ya kwanza ulimjibu mama anaumwa, ya pili ukamjibu utakwenda pikapu ya mama ikipona upande wa mbele. Safari hii dereva wake amesema wazi: wiki ijayo ikiisha hujafika, nafasi anapewa mwingine. Na juzi ulipoondoka kwenda Nyalikungu kumuaga shangazi yako, nilipita chumbani kwako nikaona begi bado linaning'inia kwenye msumari, tupu, limejaa vumbi. Nikasema moyoni, huyu anaaga watu bure, haendi popote.

Basi sikia. Pikapu imepona. Nimeitengeneza mimi.

Ukimaliza kucheka, endelea kusoma.

Juzi hiyo hiyo niliingia stoo kutafuta mbegu za karanga. Nikasogeza plau la baba yako, maana panya wamefanya mji nyuma yake. Nikaona ovaroli lako la zamani limefungwa kama mtoto mgongoni. Nikafungua. Bushi mpya nane, bado zinanukia duka. Bolti zake. Yubolti za kushikia springi, zinang'aa, zimepakwa grisi. Nikakaa chini kwenye magunia, Mabula. Nikakaa kwa muda mrefu mpaka kuku wakaingia wakaanza kula zile karanga mbele ya macho yangu.

Uliniambia nini uliporudi Mwanza? "Mama, Mwanza nzima hakuna. Nimezunguka mpaka miguu imevimba." Ukatikisa na kichwa. Mwanangu, wewe unatengeneza vizuri lakini unadanganya vibaya. Uongo huo ungemwambia baba yako enzi zile za maduka matupu, tulipokuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni, angekuamini na pole angekupa. Lakini siku hizi? Siku hizi biashara imefunguliwa, hata hapa Bariadi kuna kijana anauza vioo vya gari barabarani pamoja na maandazi. Mwanza ikose bushi! Nilijua siku ile ile kwamba kuna kitu. Nilidhani umekula hela na msichana. Nilikuombea huyo msichana awe na akili.

Kumbe ulikuwa umezileta, ukazificha, ukaiacha pikapu igonge.

Kwanza nilikasirika. Nilitaka kupanda basi nikufuate Nyalikungu, nikuchape mbele ya shangazi yako na ndevu zako hizo. Mimi nimeendesha pikapu ile ikivuta kushoto msimu mzima, mikono inakufa ganzi, nikipita kwenye mashimo inagonga ngo ngo ngo mpaka abiria wa nyuma wanasali. Na dawa yake imelala stoo! Halafu hasira ikaisha yenyewe. Nikalia. Maana nilielewa ulichokuwa unakizuia, na nilielewa umejifunza kwa nani.

Nikueleze mambo ambayo unayajua nusu.

Baba yako alipouza ng'ombe kununua pikapu hii, ndugu zake walikuja hapa wakakaa kama wako msibani. Ushirika ulikuwa umeacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuweka mizani kila njia panda, na baba yako akasema mwenye gari ndiye atakula. Kaka yake akamuuliza, "Hiyo itazaa?" Baba yako akacheka peke yake. Ilipofika, aliogopa wezi, akaona mtu wa mifugo kama yeye ana mahali pamoja tu salama. Akailaza zizini. Naona unashika kichwa. Ndiyo, zizini, katikati ya ng'ombe, kwenye samadi na mikojo, msimu mzima wa mvua. Asubuhi tunakuta ng'ombe wanaramba milango. Sisi tulifurahi, tuliona wamempokea mgeni. Ilipoanza kulia mbele, fundi wa kwanza kuingia chini yake alitoka akatuuliza kama tuliinunua kutoka ziwani. Bolti zote za springi zilikuwa zimeoza, akazikata kwa msumeno.

Na mimi sikuwa na akili zaidi. Ilipoanza kuchechemea, nilimwambia baba yako tuipumzishe. Ng'ombe akichechemea humfungii plau, unamwacha alale, mguu unarudi wenyewe. Tukaiacha imesimama. Kila asubuhi natoka namuuliza baba yako, "Imeamkaje?" Naye anajibu, "Leo afadhali." Tulikuwa washamba namna hiyo, Mabula, na hatukuwa hata wazee. Lakini tulicheka sana miaka ile. Nataka ujue kwamba kabla ya msiba nyumba hii ilikuwa ya watu wanaocheka.

Baba yako alipotutoka, dada yako Holo alilia mpaka sauti ikakauka. Watu wote tulimshika Holo. Tulimlisha Holo, tulilala na Holo, nilimfuata Holo kila alikokwenda. Wewe hukulia. Matanga yalipoisha uliingia chini ya pikapu na spana za baba yako, ukatoka jioni umepakaa oili mpaka masikioni, ukaniambia, "Mama, inawaka." Nikasema, Mungu mkubwa, huyu mmoja ni mzima. Ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule. Hukuirudia shule, na mimi sikukuuliza. Nilikukabidhi pikapu, nikakukabidhi na mimi mwenyewe juu yake, kama mzigo wa pamba, nikasema twende.

Holo aliolewa Kalemela akaondoka akilia, akapona. Wewe hukuondoka.

Halafu Arusha ilipoita mara ya kwanza, unakumbuka kiuno changu? Kile kiuno kilichonilaza mpaka ukaenda kuniletea mganga wa hospitali na baadaye yule bibi wa mizizi? Hakikuwa kiuno. Kiuno kilikuwa kinauma kidogo, kama kinavyouma kila siku, lakini nilikiongezea. Niliposikia umemwambia dereva kwamba mama anaumwa, nikaamka nikapika ugali wa nguvu, na sikuona aibu. Nikajiambia nakusaidia, Arusha kuna baridi. Sasa nilipokaa pale stoo na bushi zako mapajani, nikaona kiuno changu. Mimi nilikisingizia kiuno, wewe umeisingizia Mwanza. Mama na mwana. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Sasa nikueleze kazi, maana najua unawaka moto kutaka kujua nimeharibu nini.

Nilianza juzi kwa kumwagia bolti mafuta ya taa, nikaziacha zilale nayo, kama unavyofanya. Jana asubuhi nikamwita Mbuke. Utasema, Mbuke wa mashine ya kusaga, anajua nini? Anajua kufungua na kufunga mashine yake kila inapokwama, na ana mikono kama ya mwanaume, na hana maneno mengi. Nilidhani hana maneno mengi. Alifika, akanisalimu "Mwangaluka," akaangalia jeki, akaniangalia mimi nimevaa suruali ya marehemu, akasema, "Minza, leo tunakufa." Nikamwambia kama ni kufa tufe tumeweka magogo. Nikaweka magogo mawili ya mkaratusi chini ya fremu kabla mtu hajaingiza hata kidole, kwa sababu miaka yote nimekusikia ukiwafokea wenzako kwamba jeki si ndugu yako. Unaona? Ulidhani nashika kurunzi tu. Nilikuwa nashika na maneno.

Tukavua gurudumu la kushoto. Tukafungua yubolti. Zile bolti zinazoning'iniza springi zilikataa kabisa, Mbuke akazitukana kwa Kisukuma cha kuchungia ng'ombe, zikatoka. Bushi za zamani zilikuwa zimebaki kama ganda la muwa uliotafunwa. Nilizishika nikazionea huruma. Mume wa Mbuke akapita barabarani akaona miguu minne ya wanawake imetoka chini ya gari, akasimama. "Nyie akina mama, mnatafuta nini huko chini?" Mbuke akamjibu, "Mume mwingine." Akaenda zake haraka. Nilicheka mpaka nikagonga paji la uso kwenye lile bonge la chuma la difu. Hiyo alama utakayoiona ni hapo, hakuna aliyenipiga.

Bushi mpya zilikataa kuingia zikiwa kavu. Nikakumbuka maji ya sabuni. Zikaingia kwa mkono, taratibu, na nilijisikia raha ambayo sijui niieleze vipi. Nikamwambia Mbuke, ndiyo maana hatoki huku chini huyu mtoto.

Tulipomaliza kushoto nikataka kuacha. Upande wa kulia ulikuwa haulii. Jua limepanda, mgongo umekufa, na upande ule haujawahi kunipigia kelele hata siku moja. Lakini ulinunua bushi nane, si nne. Nikamwambia Mbuke, Mabula si mtu wa kununua kitu kwa urembo, tufungue. Tukafungua. Mabula, upande wa kulia ulikuwa umekwisha kuliko wa kushoto. Mpira ulikuwa umeliwa wote, chuma kimekaa juu ya chuma, kimebana kwa kutu, ndiyo maana hakikuwa na nafasi hata ya kugonga. Ulikuwa umebeba mzigo wote kimya.

Niliacha spana, nikatoka chini ya gari. Mbuke akadhani nimeumia. Nilikwenda nikasimama kwenye mti wa mwarobaini nikilia kwa sauti, suruali ya baba yako imejaa oili, wapita njia wananiangalia. Nilikuwa nakuona wewe na kaptula yako ya shule. Nilikuona jinsi tulivyokaa wote upande wa Holo kwa sababu Holo ndiye aliyekuwa analia. Mwanangu, nisamehe. Nilisikiliza kelele tu. Mama mzima, nilisikiliza kelele tu.

Sikukuuliza siku ile. Nakuuliza leo, na miaka imepita: uliumia sana? Usinijibu leo. Nijibu ukiwa huko, ukiwa na nafasi, hata kwa mistari miwili.

Nikarudi chini ya gari. Kosa moja nililifanya nami nitalisema kabla hujaligundua. Nilikaza bolti zote za bushi kwa nguvu zangu zote magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Nilikuwa nimeshapanguza mikono ndipo nikakumbuka ulivyompigia kelele yule kijana wa kwa jirani yetu Sitta: usikaze mkazo wa mwisho mpaka gari ikanyage chini ibebe uzito wake, la sivyo unaukaza mpira ukiwa umejinyonga, utachanika wiki hiyo hiyo. Mbuke alipoambiwa tulegeze zote tena, alisema maneno ambayo siyaandiki, mimi ni mtu wa kanisani. Tukalegeza. Tukaishusha. Ikakanyaga. Mbuke akapanda nyuma akaruka ruka ili ikae vizuri, mtu mzima yule, kanga inapepea. Ndipo tukakaza.

Leo asubuhi niliiendesha hadi njia ya Migato. Peke yangu. Nilikwenda mpaka kwenye kile kijito ambapo springi ilikatika msimu uliopita, siku ile niliyosimama juu ya pamba nikipiga kelele "ongeza, bado inaingia," na wewe unasema, "Mama, imetosha," na mimi siambiliki. Nilipita kijito kile polepole. Hakuna ngo. Nikageuza, nikapita tena kwa kasi. Hakuna. Niliachia usukani kidogo kwenye ile sehemu iliyonyooka, ikaenda mbele yenyewe bila kuvuta. Nilipiga kelele ndani ya gari kama mtoto. Mchunga ng'ombe mmoja akanipungia mkono. Nadhani alifikiri naomba msaada.

Sasa, baba, sina la kukuambia kuhusu Arusha, sijafika. Kuhusu wanawake wa huko, wewe una macho. Kuhusu kula, una mdomo. Begi nimelipanguza, utalikuta kitandani ukirudi leo jioni, nguo utapanga mwenyewe, maana najua nikikupangia utasema nimekufukuza.

Sikufukuzi. Hilo nataka uliweke akilini vizuri, kwa sababu ndilo gumu. Sitaki uende. Ningeweza, ningekuweka hapa mpaka nife, nikupikie, tutaniane, unitengenezee kila kitu. Nikisikia unakohoa chumbani usiku nafurahi, maana yake upo. Nyumba itakuwa kubwa mno. Jioni nitaita jina lako kwa mazoea halafu nitanyamaza. Yote hayo nayajua na nimeyapima. Hayo ni yangu. Siyo kazi ya mtu wa miaka yako kuyaziba kwa kujifungia humu na kuficha vipuri nyuma ya plau.

Na usidhani nimejifunza springi ili nisikuhitaji. Nimejifunza ili ukirudi, urudi kwa sababu umenikumbuka. Nataka siku moja uingie pale getini mikono yako ikiwa safi, ukae kwenye kigoda, nikuletee uji, tuongee, na pikapu isimame pembeni haina haja na mtu.

Wabeja, Mabula. Kwa miaka yote hiyo uliyokaa chini ya gari kwa ajili yangu, wabeja sana. Sikuwahi kukushukuru kwa sababu niliona ni yetu wote, na mtu hashukuriwi kwake. Leo nakushukuru kama mtu mwingine, maana kuanzia kesho una kwako.

Mipango ya kesho ni hii. Nakupeleka stendi mimi. Utakaa upande wa abiria, na mikono yako utaiweka mapajani. Usiamke alfajiri ukaingia chini kukagua, nitasikia, nami nitakukanyaga miguu iliyobaki nje. Nitapita njia ya sokoni, ile mbaya, kusudi, mashimo yote, moja baada ya jingine. Wewe sikiliza. Pikapu ikigonga hata mara moja, nageuza na tunarudi wote nyumbani, na sitakuambia neno. Isipogonga, unapanda basi.

Halafu pale stendi nitalia. Nakutaarifu mapema ili usishtuke. Nitalia vibaya, kwa sauti, watu watageuka, kondakta atauliza kama kuna msiba, na wewe utaanza kunitazama kwa yale macho yako ya kutafuta palipolegea. Usishuke, mwanangu. Hapo hakuna kilichoharibika.

Ni mimi mama yako,
Minza